Kurasa Mia Mbili

Nyumbani kwangu, katika kabati la chini ambalo mke wangu amekwisha kulikatia tamaa, limo jalada nene la kijani. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: KIAMBATISHO C. Ndani yake mna kurasa mia mbili za tarakimu, zilizochapwa upande mmoja tu wa karatasi, na katika ukurasa wa mbele kuna sahihi nne. Ya tatu ni yangu. Sijawahi kumwonyesha mgeni jalada hilo, na wala sikukusudia kuliandikia habari zake. Lakini juma lililopita lilitolewa kabatini bila ruhusa yangu, kwa sababu nitakayoieleza, na tangu hapo limenikaa rohoni.

Mwaka 2002 nilikuwa mhandisi kijana katika ofisi ya wahandisi washauri. Tulipewa kazi ya kusanifu mtandao wa maji wa mji mmoja mdogo wa nyanda za juu, mji wenye vilima, ambao watu wake walizoea kuteremka bondeni na ndoo na kupanda nazo kichwani. Mji huo sitautaja, wala ofisi hiyo. Hesabu tulizifanya kwa EPANET. Kwa msomaji asiyeijua, hii ni programu iliyotolewa na idara ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira mwaka 1993, kazi ya mhandisi Lewis Rossman, nayo hutolewa bure kwa yeyote. Toleo la pili lilitoka mwaka 2000, nalo ndilo tulilokuwa nalo. Unaieleza programu mtandao wako wote: chanzo kiko wapi, matangi yako mwinuko gani, kila bomba lina urefu na kipenyo gani, kila ungio linahudumia watu wangapi na wanateka saa ngapi. Nayo hukokotoa, saa baada ya saa, maji yanapita wapi kwa kasi gani, na kila mahali yana msukumo kiasi gani.

Toleo hilo lilikuwa na madirisha ya kubonyeza na picha za mabomba yenye rangi, lakini mkuu wetu wa kazi alikuwa mtu wa mazoea ya zamani. Alipenda tuiendeshe kwa faili la maandishi matupu: unaandika maelezo ya mtandao katika faili moja, unaamuru hesabu ipigwe, na programu inakuandikia faili la pili, faili la ripoti. Mimi pia nilipenda hivyo. Ulijihisi kama fundi hasa.

Sasa, ndani ya faili la maelezo kuna sehemu ndogo inayohusu ripoti, na hapo ndipo unapoiambia programu iseme mengi au machache. Ukinyamaza, nayo hunyamaza sana: haitoi jedwali lolote la maungio wala la mabomba. Ukiandika NODES kisha ALL, inakupa maungio yote kwa kila saa. Ukiandika LINKS kisha ALL, inakupa na mabomba yote. Kuna neno jingine, STATUS, la kuuliza hali ya hesabu yenyewe. Ukiliongezea FULL, programu inakusimulia hata majaribio yake, jinsi ilivyokisia mtiririko mara ya kwanza, ikakosea, ikakisia tena, mpaka ikatosheka. Mwongozo wa programu unasema waziwazi kwamba usimulizi huo unafaa tu pale hesabu inapokataa kusawazika na wewe unatafuta kiini cha ubishi. Mwongozo nilikuwa nimeusoma. Hata hivyo niliandika yote matatu.

Kwa nini? Nimejiuliza swali hili mara nyingi. Jibu la haraka ni kwamba ofisi nzima ilifanya hivyo. Lakini nikijikagua vizuri naona kulikuwa na hofu. Mhandisi kijana huogopa kuulizwa jambo asilokuwa nalo mkononi. Akiwa na kila kitu, anadhani hawezi kushindwa. Na kulikuwa na upande wa mteja pia. Mteja analipa fedha nyingi kwa ajili ya kazi asiyoiona. Ukimletea kurasa nne atajiuliza fedha zimekwenda wapi, ukimletea jalada la kilo mbili atalipokea kwa mikono miwili. Mkuu wetu alikuwa akilipima jalada kwa kiganja kabla hajalitia sahihi, kama mtu anayenunua nyama.

Hebu tupige hesabu ya mzigo wenyewe. Mtandao ulikuwa na maungio 214, matangi mawili na chanzo kimoja: jumla mistari 217 kwa kila saa. Mabomba yalikuwa 243 na pampu mbili: mistari 245. Kwa hiyo kila saa ilitoa mistari 462. Siku moja, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane wa pili, ina vituo 25 vya saa. Hiyo ni mistari 11,550, bila kuhesabu vichwa vya majedwali. Ukurasa mmoja unabeba mistari kama sitini. Tulikuwa tumekokotoa siku tatu, lakini faili la siku tatu halikuingia kwenye diski moja, basi tukachapa siku moja. Printa ya sindano ilipiga kelele kutwa nzima, na mhudumu wa ofisi akaketi kando yake akikunja karatasi kama anayekunja kanga.

Nikalisoma? Nilipitisha macho. Nilifungua hapa na pale, nikaona msukumo wa mita 23, mita 31, mita 18, nikaridhika kwamba tarakimu zina sura ya tarakimu. Mwakilishi wa mteja naye alifungua katikati, akauliza safu ya tatu ni nini, nikamweleza, akatikisa kichwa. Tukatia sahihi.

Mtandao ulifunguliwa mwaka 2004. Zilitolewa hotuba, ukakatwa utepe, na maji yakaruka kweli. Mjini yaliruka. Kwenye mtaa wa juu, mtaa ulio mgongoni mwa kilima, wenye watu wapatao elfu nne, yalitoka siku ya ufunguzi kwa sababu mjini mabomba mengi yalikuwa bado hayajaunganishwa. Baada ya miezi michache habari zikaanza kuja ofisini kwamba mtaa wa juu hauna maji. Kwanza ikasemwa kuna mtu amefunga valvu. Kisha ikasemwa bomba limeziba. Mwishowe nikatumwa mimi.

Nilifika jioni, nikalala nyumba ya wageni, na asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikapanda kilima. Kwenye gati la maji nilikuta madumu yamepangwa foleni, mengi bila wenyewe, maana watu walikuwa wameyaacha na kurudi majumbani. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuteka?”

Nikamwambia nimetoka kwenye ofisi iliyosanifu mabomba. Hakukasirika. Alinisogezea ndoo nyingine nikae.

“Kumbe wewe ndiye mwenye hesabu,” akasema. “Basi nikuulize, mwanangu. Maji yenu haya huja usiku kama mchawi. Saa nane za usiku unasikia bomba linakoroma, unaamka, unateka. Kukipambazuka yamekwenda. Mliyapangia hivyo?”

Nikamjibu la, hatukuyapangia hivyo.

“Basi mlipangaje?”

Nilifungua bomba la gati mbele yake. Halikutoa tone. Lilivuta hewa. Niliweka kiganja pale mdomoni, nikahisi kabisa likikinyonya, na mimi mhandisi nikajua ninachokihisi ni nini, kwa sababu jambo hilo lina jina na lina tarakimu. Yule mama alikuwa akinitazama usoni. Sikumweleza. Nilimwambia tutalishughulikia, akasema, “Haya, baba,” kwa ile sauti ambayo mtu mzima humwambia mtoto aliyeahidi kujenga ghorofa.

Niliporudi ofisini nilichukua Kiambatisho C, nikakaa nacho kuanzia ukurasa wa kwanza. Haikunichukua muda. Kabla ya majedwali, katika zile kurasa tano za mwanzo ambamo programu ilikuwa ikisimulia majaribio yake, jaribio la kwanza, la pili, la tatu, valvu hii imefunguka, tangi hili linajaa, mlikuwa na mstari mmoja unaoanza na neno la Kiingereza la onyo. Ulisema kuna msukumo hasi saa 6:00:00. Chini yake, baada ya majaribio mengine saba au manane, mwingine: saa 7:00:00. Na jioni tena miwili. Mistari minne. Ilikuwa imechapwa kwa wino uleule, kwa herufi zilezile, bila nafasi juu wala chini yake.

Saa hizo, msomaji atambue, ni saa za programu, zinazohesabiwa tangu usiku wa manane. Saa 6:00 yake ni saa kumi na mbili asubuhi yetu, na saa 7:00 ni saa moja. Ndiyo saa ambayo kila mama nchini ana ndoo mkononi.

Nikaenda kwenye jedwali la saa hiyo, nikalitafuta ungio la gati lile. Mita 4.31, na mbele yake kijistari cha kutoa. Tarakimu ilikuwa pale. Ilikuwa imekuwa pale miaka miwili, chini ya sahihi nne.

Hapa inanibidi nieleze jambo la kiufundi, kwani bila hilo msomaji atadhani kompyuta ilikosea. Haikukosea. Toleo lile lilipiga hesabu kwa kudhani kwamba kila mtu anapata maji anayoyataka, liwalo na liwe. Ukisema mtaa wa juu unahitaji lita 3.5 kwa sekunde saa ya kilele, yaani madumu kumi na nusu ya lita ishirini kwa kila dakika, programu inayatoa maji hayo katika hesabu, kisha inakuambia ingehitajika msukumo gani ili yatoke. Ikiwa jibu ni hasi, maana yake ni kwamba hayatatoka. Programu haina njia nyingine ya kusema “haiwezekani” isipokuwa hiyo tarakimu yenye kijistari, na ule mstari mmoja wa onyo. (Toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2020, linakuruhusu kuamuru kwamba msukumo ukipungua na maji yapungue, jambo lililo karibu zaidi na maisha. Sisi hatukuwa nalo.)

Na sababu ya upungufu ilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi. Tangi la upande ule lilikuwa mita 11 tu juu ya gati. Usiku, watu wakiwa wamelala na maji yamesimama bombani, mita zote 11 zinafika. Asubuhi maji yanapokimbia, yanasugua kuta za bomba na kupoteza msukumo, na kwa bomba la milimita 80, urefu wa kilomita 1.9, lita 3.5 kwa sekunde hupoteza mita 15 na zaidi. Toa 15.3 katika 11. Lau tungeweka bomba la milimita 100, upotevu ungekuwa mita 5 na kidogo, na gati lingebaki na mita 5.8. Mkataba ulidai mita 5. Kipenyo kikipungua kutoka 100 hadi 80, upotevu huongezeka karibu mara tatu. Hili hufundishwa mwaka wa pili chuoni. Tofauti ya bei ya mabomba hayo mawili kwa urefu ule ilikuwa ndogo mno mbele ya gharama ya mradi mzima, na pengine haikuzidi sana ile ya sherehe ya ufunguzi, ingawa hapo natia chumvi kidogo kwa uchungu.

Usiku ule nilikaa ofisini nikairudia ripoti. Nilifuta FULL. Mabomba nikayanyamazisha yote. Kwenye maungio nikaongeza sharti moja ambalo lilikuwamo katika mwongozo siku zote: PRESSURE BELOW 5. Maana yake, usinionyeshe ungio lolote isipokuwa lililo chini ya mita tano. Mara ya kwanza matokeo yalinichekesha, kwa kuwa kila saa chanzo kilijitokeza na sifuri yake, kwani programu huhesabu chanzo kuwa hakina msukumo juu ya uso wake. Na matangi nayo yakajitokeza, kwa sababu msukumo wa tangi ni kina cha maji yake tu, mita mbili na nusu au tatu. Ikabidi niache neno ALL na kuyaorodhesha maungio kwa majina, mstari baada ya mstari. Nikaendesha tena. Zilitoka kurasa chache, nyingi zikiwa na vichwa vya majedwali matupu. Nikavifuta vichwa vile kwa mkono. Ukabaki ukurasa mmoja.

Katika ukurasa ule kulikuwa na maungio tisa, yote ya mtaa wa juu. Asubuhi na jioni. Mtoto wa darasa la saba angeliona.

Kesho yake nilimpelekea mkuu wetu. Aliusoma akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena.

“Kijana,” akasema, “hii umeipata wapi?”

“Katika Kiambatisho C, mzee. Ni hesabu ileile.”

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui nilihukumuje: “Basi tulimwambia.” Alimaanisha mteja. Onyo lilikuwamo, mteja alilipokea, akatia sahihi. Kwa mujibu wa karatasi, hakuna aliyeficha kitu. Nilitoka chumbani mwake nikiwa na nafuu fulani, lazima nikiri, kama mtu aliyesikia kesi yake imefutwa. Nafuu hiyo ilidumu mpaka nilipofika kwenye meza yangu. Maana mimi sikuwa nimemwambia mteja. Mimi sikuwa nimejua. Mtu asiyejua jambo hawezi kusemwa kwamba amelisema, hata kama mkono wake ndio ulioliandika.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa ripoti fupi, na wenzangu wengine wamenitania kwa hilo. Lakini nisije nikaeleweka vibaya, kwa sababu nimeona pia madhara ya ufupi, na nadhani ni mabaya zaidi. Programu hiyohiyo ina namna ya kukufupishia saa zote 25 kuwa jedwali moja. Unachagua: wastani, kiwango cha chini, cha juu, au tofauti kati yake. Watu wengi huchagua wastani, neno ambalo linasikika vizuri na lina heshima shuleni. Nilijaribu kwa udadisi. Wastani wa msukumo wa gati lile kwa siku nzima ulikuwa mita 6 na kitu. Juu ya tano! Mtaa mzima uliokauka ukapita mtihani, kwa sababu maji ya saa nane za usiku yalilipa deni la saa moja asubuhi. Ungeomba kiwango cha chini, ungeliona lile hasi mara moja. Kwa hiyo mtu anayesema “punguza tu” hajasema kitu. Kupunguza ni kuchagua, na anayechagua lazima kwanza ajue anatafuta nini, kazi ambayo sisi tuliikwepa kwa kuchapa kila kitu.

Miaka ya baadaye nilifanya kazi ya maji ya chini ya ardhi, kwa MODFLOW, programu ya idara ya jiolojia ya Marekani. Ugonjwa ni uleule. Unaigawa ardhi katika visanduku, tuseme safu 100 kwa 120, tabaka tatu, na tayari una visanduku 36,000. Ukiiruhusu ichape kina cha maji cha kila kisanduku kwa kila hatua ya muda, faili lako haliwezi hata kufunguka. Lipo faili dogo la kudhibiti matokeo, ambamo unasema chapa hiki, hifadhi kile kwa namna ya kompyuta bila kukichapa, kingine acha. Nilichojifunza ni kwamba karibu kila ripoti ya namna hii ina mstari mmoja ulio mfupi kuliko yote na wenye maana kuliko yote. Katika MODFLOW ni ile asilimia ya tofauti kati ya maji yaliyoingia na yaliyotoka. Ikiwa kubwa, yote yaliyo juu yake ni porojo. Nimeona watu wakichora ramani za rangi nne kutokana na hesabu ambayo asilimia yake hawakuitazama.

Kuna suala la desimali pia, ambalo hunikera kuliko linavyostahili. Programu zitakupa tarakimu nne baada ya nukta ukizidai. Mwinuko wa gati lile tulikuwa tumeupima kwa kifaa ambacho hakikuwa na hakika ya nusu mita, na idadi ya watu tuliipata kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee mkarimu aliyefumba macho na kuhesabu nyumba kwa vidole. Kutoka katika hayo tukaandika msukumo mpaka sehemu ya mia ya mita. Hiyo 4.31 ninayoitaja hapa kila mara, kwa haki ingekuwa “nne hivi”. Lakini tarakimu ndefu inanyamazisha watu, nadhani ndiyo kazi yake.

Na yuko kijana mmoja niliyefanya naye kazi karibu na kustaafu kwangu, hodari kuliko nilivyokuwa mimi, aliyenisikia nikihubiri ufupi mpaka akavuka mpaka. Alinionyesha ripoti yake kwa fahari: ukurasa mmoja safi, hakuna onyo hata moja. Nilifurahi, kisha nikaomba kuona faili la maelezo. Katika sehemu ya ripoti alikuwa ameandika MESSAGES NO. Alikuwa ameizima midomo ya programu isitoe maonyo kabisa, kwa kuwa yalikuwa yakimharibia ukurasa.

“Yalikuwa yakijirudia, mzee,” akaniambia.

“Yalikuwa yakisema nini?”

Hakukumbuka. Tukayawasha pamoja. Safari hiyo lilikuwa jambo dogo, pampu iliyokuwa ikisukuma kupita uwezo wake kwa saa moja. Lakini sikulala vizuri, kwa sababu nilijua hilo somo alilipata kwangu.

Mtaa wa juu ulipata bomba la pili mwaka 2006, la milimita 80 vilevile, likalazwa sambamba na la kwanza, hivyo kila moja likabeba nusu ya maji. Kazi hiyo ilichukua miezi kadhaa ya barua, kwani kila mmoja alikuwa na jalada lenye sahihi za wenzake. Kwa miaka miwili, watu elfu nne walikuwa wakiamka saa nane za usiku. Nimejaribu mara nyingi kukadiria ni saa ngapi za usingizi. Hesabu rahisi, lakini sijawahi kuimaliza. Nafika kwenye idadi ya nyumba nasimama.

Nilirudi kule mara moja baada ya bomba la pili. Ilikuwa asubuhi. Gati lilikuwa likitoa maji, si kwa fujo, lakini kwa mfululizo, na foleni ilikuwa ya watu, si ya madumu. Yule mama sikumkuta. Nilimuuliza kijana anayeuza maji, akasema bibi yupo, ila siku hizi anaamka saa mbili.

Nilisema jalada lilitolewa kabatini bila ruhusa yangu. Mjukuu wangu wa kike, ambaye ana miaka sita na alikuja kwetu likizo, aliishiwa karatasi za kuchorea. Bibi yake, aliyekuwa akinisubiria sababu kwa miaka yote hiyo, akamfungulia kabati na kumwonyesha kwamba Kiambatisho C ni cheupe upande wa nyuma. Nilipotoka sokoni nilimkuta sebuleni, ameketi sakafuni, amekwisha kung’oa karatasi kadhaa kwa mpangilio mzuri. Nilinyoosha mkono nimnyang’anye, kisha nikauliza tu anachora nini.

“Nyumba, babu. Na hii mvua.”

Nikazikusanya zile kurasa tano za mwanzo, zenye mistari minne ya onyo, nikaziweka kwenye droo ya meza yangu. Nyingine nimemwachia. Anachora ukurasa mmoja mmoja bila kuruka, ana utaratibu kuliko babu yake. Jana usiku nilizigeuza kutazama amefika wapi: yuko kwenye jedwali la saa 3:00, na mabomba yote yana nyumba nyuma yake.